Mzigo Ulikuwa Mkononi mwa Nani?

Kendu Bay ya miaka ya 1970 ilijipanga kwa ratiba ya meli. Barabara ya Kisumu ilikuwa ya udongo mweusi, na masika yakishakolea basi lingeweza kulala njiani na abiria wake. Meli ndogo za shirika la reli ziliondoka Kisumu, zikaizunguka Ghuba ya Winam zikigusa Asembo Bay, Kendu Bay, Homa Bay na Mbita, hadi Mfangano. Mwenye mzigo wa maana alishuka gatini. Hapo ungekuta marobota ya pamba, magunia ya karanga na wimbi, mafurushi ya omena kavu, na vyungu vilivyofungiwa majani makavu ya mgomba. Vilivyoshushwa vilikuwa sukari ya kiwanda cha Miwani, chumvi, mafuta ya taa, sabuni za mche na mabati.

Mji ulikuwa mdogo, ila watu wake walitoka kila upande. Palikuwa na maduka ya Wahindi, palikuwa na msikiti wa siku nyingi, na palikuwa na Waislamu wa aina mbili: waliozaliwa na wafanyabiashara wa pwani, na Wajaluo waliosilimu. Sisi tulikuwa hao wa pili. Kando ya mji, Gendia, Waadventista Wasabato walikuwa na misheni yao tangu 1906. Kwa hiyo Ijumaa adhuhuri soko lilipungua watu, machweo yake Wasabato wakafunga kazi, na Jumapili ikawa zamu ya wengine. Karani aliyepanga kushusha bidhaa bila kuzijua kalenda hizi aliona magunia yakilala gatini bila mwenyewe. Baba alikuwa akisema, "Mzigo hauna dini, lakini anayeupokea anayo."

Baba alikuwa karani wa shehena. Kazi yake wengi waliidharau, wakiona ni ya mtu wa kusimama juani na kalamu sikioni. Mimi niliipenda kabla sijaielewa. Shule ikifungwa nilimpelekea chai, nikakaa juu ya mizani ya chuma mpaka anifukuze. Kila kilichopita mbele yake alikihesabu kwa sauti, na hamali akaitikia. Alikagua alama ya mwenye mali iliyochorwa kwa rangi kwenye gunia. Akaligeuza, akalipapasa chini. Kisha akaandika, na mwandiko wake haukuwa wa haraka: "gunia moja limetoboka pembeni", "mawili yana unyevu chini", "sanduku, kifuniko kimelegea". Aliyeleta mzigo alisaini, aliyeupokea akasaini, na nakala ya kaboni ikabaki kitabuni.

Wafanyabiashara waliyachukia maneno hayo madogo. Kila mmoja alitaka stakabadhi safi isiyo na doa, kwa sababu yenye doa ilimshushia bei huko mzigo uendako. Nilimwona mwenye duka mmoja akimbembeleza Baba amwandikie magunia yote ni mazima, na Baba akamjibu kwa upole kuwa kalamu yake haiwezi kushona gunia. Yule mzee aliondoka kanuna. Wiki mbili baadaye alirudi na nakala ya aina ileile mkononi, safari hii yeye ndiye aliyepokea mzigo wenye kasoro kutoka kwa mtu mwingine, na aliyataka maneno yale madogo kuliko fedha.

Kesi ya kwanza niliyoisikiliza maishani ilikuwa ya mama yangu mdogo. Aliikosa meli Kisumu, naye alikuwa na sukari ya kuuza kabla ya sikukuu, basi akaipakia katika mashua ya tanga ya mtu binafsi. Mashua ilipofika, magunia ya safu ya chini yalikuwa yameloa na sukari inachuruzika. Mwenye mashua alisema mvua iliwakuta njiani. Mama mdogo alisema mashua inavuja na kila mtu anajua. Sauti zikapanda, watu wakajaa, mpaka wazee wa ufuoni wakaitisha kikao chini ya mti.

Mmoja wao alikuwa fundi wa matanga, mtu wa maneno machache. Hakuuliza nani mwongo. Aliomba magunia yasisogezwe, akayapapasa juu, akayapapasa chini, akashuka mwenyewe ndani ya mashua na kuuliza kila gunia lilikuwa limelala wapi. Mvua huanzia juu kushuka, akasema, na maji ya ufa huanzia chini kupanda. Safu ya juu ilikuwa kavu. Mwenye mashua akainamisha kichwa. Lakini mzee hakuishia hapo. Akamgeukia mama mdogo: "Na wewe, binti yangu, ulipompa magunia haya yalikuwa makavu? Nani aliyaona?" Mama mdogo hakuwa na shahidi wala karatasi. Uamuzi ukawa kwamba mwenye mashua alipe nusu ya hasara na mwenye sukari ameze nusu. Alilalamika kwa miaka. Baba alimsikiliza, akamwambia kwamba ile nusu nyingine ndiyo bei ya saini ambayo hakuidai.

Nimeifanya kazi ya kesi za meli na biashara kwa miaka mingi sasa, na sijakutana na swali lililo kubwa kuliko lile la fundi wa matanga. Mali ilipoharibika, ilikuwa mkononi mwa nani? Na ilipoingia mkononi mwake, ilikuwa katika hali gani? Sheria yote ya kubeba shehena, pamoja na vitabu vyake vinene vya London, ni jitihada ya kulijibu swali hilo baada ya watu kuanza kusema uongo.

Mwaka 1977 ugomvi mkubwa zaidi ulifika gatini petu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na lile shirika la reli la nchi zake tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, likavunjika nayo. Mwezi wa Februari Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Sisi watoto tulielewa tu kwamba meli zilizokuwa za wote sasa zina wenyewe. Meli ya Victoria, iliyojengwa Scotland, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza safari mwaka 1961, ikawa ya Tanzania. Uhuru, iliyobeba mabehewa ya treni tumboni, ikabaki Kenya, na mwenzake Umoja akaenda Tanzania. Baba aliendelea na kazi chini ya shirika jipya la Kenya, akitumia fomu za zamani ambazo jina la juu limekatwa kwa kalamu.

Ugawaji wa mali zile ulichukua miaka saba. Msuluhishi alikuwa Mswisi, Dkt. Victor Umbricht, na mapatano yalisainiwa Arusha Mei 1984: Kenya ilihesabiwa kuwa na fungu la asilimia 43, Tanzania 32, Uganda 25. Nchi ambayo mali zilizokuwa ndani ya ardhi yake zilipungua fungu lake ilipaswa kufidiwa, na Uganda ndiyo iliyokuwa katika hali hiyo. Nilikuwa sekondari nilipoisoma habari hiyo gazetini, na nilishangaa kuona kwamba kazi yote ya Umbricht ilikuwa ya aina ninayoijua: kuorodhesha kitu kimoja kimoja, kukadiria thamani yake, kuandika kiko mkononi mwa nani. Marais watatu waliachana kwa maneno makali, na aliyewatenganisha kwa amani alikuwa mtu wa orodha. Siku hiyo nilimwambia Baba kuwa nitasomea sheria. Aliniuliza kama mawakili nao husimama juani.

Chuo Kikuu cha Nairobi ndiko nilikoikuta Sheria ya Mahakama ya 1967, mwaka uleule mkataba wa Jumuiya uliposainiwa Kampala. Kifungu chake cha 4 kinaifanya Mahakama Kuu ya Kenya kuwa mahakama ya kesi za meli. Wenzangu walikisoma wakifikiria Mombasa. Mimi nilisimama kwenye maneno yanayosema kwamba mamlaka hayo yanahusu bahari kuu, maji ya nchi, na pia ziwa lolote na maji mengine ya ndani yanayopitika kwa vyombo. Maana yake Kendu Bay ilikuwa ndani ya sheria hiyo tangu kabla sijaanza shule. Kifungu hicho hicho kinaelekeza mamlaka hayo yatumike kwa kiasi kilekile na kwa utaratibu uleule wa Mahakama Kuu ya Uingereza. Kwenye karatasi, basi, baharia wa mashua ya kwetu Karachuonyo ambaye hajalipwa ana haki aliyonayo baharia wa mto Thames: deni la mshahara wake linang'ang'ania chombo chenyewe, hata kikiuzwa kwa mtu mwingine.

Mwaka 1989 Mahakama ya Rufani ilitoa uamuzi ambao kila wakili wa Kenya anaujua, hata asiyewahi kuona meli. Kampuni ya mafuta ya Caltex ilikuwa imeishtaki meli iitwayo Lillian S. Jaji Nyarangi alieleza kwamba mamlaka ya kusikiliza kesi ndiyo kila kitu, na kwamba mahakama isiyo nayo haina ruhusa ya kupiga hatua moja zaidi. Leo maneno hayo yananukuliwa katika kesi za ardhi, za uchaguzi na za talaka. Wachache hukumbuka kwamba yalizaliwa katika kesi ya meli, na kwamba mgogoro wenyewe ulihusu kama deni lile liliangukia kifungu cha 4.

Nilihamia Mombasa nikiwa wakili mchanga. Wanawake katika kesi za meli tulikuwa wachache, na zaidi ya mteja mmoja aliniomba nimwitie wakili mwenyewe. Nilijifunza haraka kwamba bandarini anayeheshimiwa ni yule aliyepanda ngazi ya meli akaona kwa macho yake. Basi nikapanda. Nikashuka kwenye matumbo ya meli zilizobeba mchele, mbolea, vyuma na ngano, na kila mara nikakuta kikao kilekile cha ufuoni, tofauti ikiwa kofia ngumu na kamera.

Chukua mchele uliolowa. Mwenye mali anasema maji ya bahari yaliingia kwenye mlango mbovu wa tumbo la meli. Mwenye meli anasema ni mvuke tu, hewa ya joto iliyogusa chuma baridi ikadondoka, au mvua wakati wa kupakia huko Asia. Mkaguzi hachagui upande kwa kuangalia sura za watu. Anatoa kichupa cha nitrati ya fedha, anadondoshea kwenye gunia, na rangi ikigeuka kuwa nyeupe nzito anajua kuna chumvi, basi bahari iliingia. Mara ya kwanza nilipoliona jambo hilo nilifikiria sukari ya mama mdogo. Dawa ile isingemsaidia. Ziwa letu ni maji matamu, na tone la ziwa halina tofauti na tone la mvua. Ziwani hakuna kemia ya kukutetea. Una macho ya shahidi na karatasi uliyoandika kabla ya safari.

Karatasi kuu ya bahari ni hati ya shehena. Nahodha au wakala wake anaisaini, na inafanya kazi tatu kwa mpigo: ni risiti ya mzigo, ni ushahidi wa mkataba wa kuubeba, na ni hati ya umiliki inayoweza kuuzwa mkono kwa mkono mzigo ungali baharini. Maneno madogo ya Baba yanaishi humo. Hati ikiandikwa kuwa mzigo ulipokewa katika hali nzuri kwa kuonekana, mwenye meli amejifunga. Ikiandikwa "magunia kadhaa yana unyevu", benki ya mnunuzi inaweza kukataa kulipa. Ndiyo maana wauzaji hulilia hati safi, na ndiyo maana nahodha mwenye busara hukataa.

Saa ya sheria nayo haisubiri. Chini ya Kanuni za Hague za 1924, ambazo Kenya imezitumia tangu enzi za ukoloni, uharibifu usioonekana wazi unatakiwa kuarifiwa kwa maandishi ndani ya siku 3 baada ya kupokea mzigo. Kesi inatakiwa kufunguliwa ndani ya mwaka 1, la sivyo mwenye meli amepona. Nimeona familia za wafanyabiashara zikija ofisini na barua za adabu walizoandikiana na wakala kwa miezi 14, kila barua ikiahidi kwamba jambo linashughulikiwa. Adabu ile iliwala mali yao.

Watu hupenda kuniuliza kuhusu kukamata meli. Ni kweli, inasisimua. Unaapa hati ya kiapo, jaji anatoa amri, na ofisa wa mahakama anapanda kwenda kuibandika mlingotini au kwenye ukuta wa chumba cha juu. Meli yenye thamani ya mamilioni ya dola haiondoki tena kwa ajili ya karatasi hiyo moja. Lakini anayekamata hatafuti meli, anatafuta dhamana. Benki au klabu ya bima ya wenye meli ikitoa barua ya kuahidi kulipa, meli inaachiliwa, na ugomvi unahamia mahakamani au kwa wasuluhishi, mara nyingi London, kwa kuwa mkataba wa meli ulisema hivyo kwa herufi ndogo ambazo mfanyabiashara wa Mombasa hakuzisoma.

Tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa Mombasa habari za MV Bukoba zilipofika. Ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu. Tanzania iliunda tume chini ya Jaji Robert Kisanga. Kwetu sisi tuliokulia magatini, jambo lililouma kuliko yote lilikuwa la makaratasi: abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Ndiyo sababu hesabu za waliokufa zinatofautiana mpaka leo. Gunia la karanga la Kendu Bay lilikuwa na alama, nambari na saini mbili. Binadamu aliyelipa nauli ya chini aliingia melini bila jina. Nilimpigia Baba simu, naye alikuwa amestaafu. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza karani wa gati alikuwa wapi.

Kufikia wakati huo gati letu lilikuwa linakufa. Gugumaji liliifunika ghuba, na mwaka 1998 mashua zilikwama mbele ya macho ya wenyewe. Meli za reli zikapungua, zikakoma. Barabara ilipopata lami, mizigo ikapanda malori, na vijana wakajua Kisumu ni mwendo wa saa chache. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi likaivuka rekodi ya 1964, likaingia mashambani na kwenye nyumba za ufuoni. Wanaosafirisha kwa maji leo hutumia mashua za injini, na nyingi hazina karani, hazina orodha, hazina stakabadhi. Uhuru imefufuliwa, na Kisumu imeunda meli mpya, jambo la kushangilia. Lakini meli kubwa hazigusi kila ufuo, na ufuoni ndiko omena inakopakiwa.

Ndugu zangu wa huko hunipigia simu mashua inapopoteza mizigo yao. Swali langu la kwanza huwa lile la fundi wa matanga, na jibu huwa lile la mama yangu mdogo. Zamani ningewaeleza kifungu cha 4, kisha mimi mwenyewe ningenyamaza, kwa sababu gharama ya kesi ya meli ingezidi thamani ya magunia. Siku hizi nina jibu bora. Mahakama za madai madogo, zilizoanza kazi Nairobi mwaka 2021 na kuenea katika kaunti nyingine, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, zinatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Mali iliyoharibiwa na aliyelipwa kuibeba ni dai la kawaida kabisa mbele ya mahakama hizo. Kinachokosekana ni ushahidi.

Ninayo maombi mawili. Kwa mawakili wenzangu wa Kisumu na Homa Bay: sheria ya meli si mali ya Mombasa. Bunge liliandika ziwa ndani yake tangu 1967, na baharia asiyelipwa wa Mbita hajui kwamba mashua inaweza kushikwa kwa ajili ya mshahara wake. Mwambieni.

Kwa wewe unayepeleka mzigo majini kesho asubuhi: kabla hujaukabidhi, hesabu pamoja na mwenye mashua, piga picha juu na chini ya kila gunia, andikeni hali yake kwenye karatasi, na msaini nyote wawili. Akikataa kusaini, tafuta mashua nyingine.